Maji Mekundu ya Kinamasini

Mpenzi mjukuu wangu Keji,

Hapa Juba hatujambo. Mama yako amepata kazi mtaa wa Thongpiny, anakusalimu sana. Umeniuliza kama mgodi wenu unaweza kuchimba dhahabu bila kuharibu kinamasi kilicho jirani.

Nilipokuwa msichana tuliosha dhahabu kijitoni, na matope yakateremka hadi kinamasini. Siku moja mama mmoja mvuvi alipanda kutoka huko na kibuyu cha maji mekundu. Hakunigombeza. "Kunywa, binti yangu," aliniambia. Nilishindwa, nikaona aibu. Kesho yake tukachimba mashimo, maji ya kuoshea yatulie humo kwanza, matope yazame, kabla ya kurudi kijitoni.

Najua wakubwa wako watasema mashimo yanachelewesha kazi. Sisi pia tulinung'unika hivyo hivyo, huku tukichimba.

Nyanya yako akupendaye