Udugu wa Karatasi

Kindu, ukingoni mwa Lualaba
Tarehe 9, Mfunguo Pili, 1308

Mpendwa kaka Bakari,

Salamu zangu zikukute mzima huko Bagamoyo, wewe na wifi Zawadi na watoto. Goti lako je, bado linakusumbua wakati wa mvua? Lichue kwa mafuta ya nyonyo, usingoje niseme mara ya pili. Sisi hatujambo. Mama macho yamepungua, ulimi ni uleule. Mpunga umejaa hata ghala ya marehemu mume wangu haitoshi.

Sasa kaa kitako nikupe habari. Siku chache baada ya Idi alifika hapa ofisa wa kizungu wa hiyo Dola mpya, na bendera, na askari, na robota mbili za nguo za merikani, na karatasi. Alisema anataka urafiki na Mzee Kalonda, mwenye nchi hii, yule aliyechanjiana na baba yetu nawe ukashika kuku.

Neno urafiki ndilo lililotuponza. Sote tulielewa kwamba anataka wachanjiane: kila mmoja akatwe kifuani, aonje damu ya mwenzake, wawe ndugu hata kufa. Nami kwa ujinga wangu nikatoa mbuzi, nikapika wali wa watu sitini.

Watu walipokwisha kukaa barazani kwangu, Mzee alitoa wembe na jogoo mweupe. Ofisa akacheka, akamnyooshea karatasi atie alama tu, basi. Mkalimani, mtu wa pwani kama sisi, alisoma salamu za mwanzo akaishia hapo. Nikamwambia wali wangu haujaiva, tuna wakati, asome yote.

Akasoma huku akitazama miguu yake. Pembe zote za ndovu za ng'ambo hizi mbili za mto zishuke kwao kwa mto, tusimuuzie mtu mwingine, na nchi ni ya mfalme wao. Nikauliza aliyempa ni nani. Akasema wakubwa wa Ulaya walikwisha kukaa wakakubaliana. Nikamwuliza katika kikao hicho kutoka Kindu alikaa nani.

Ndipo Mzee Kalonda akauliza, polepole, kama anayeuliza bei ya chumvi: "Huyu mufalme iko wapi? Akuje, tuchanjane."

Akaambiwa yuko mbali, hawezi kuja. Mzee akaukunja wembe wake katika kitambaa.

"Kama yeye hana damu ya kutoa, mimi sina alama ya kutia."

Robota zikarudishwa. Moja wake za Mzee walikuwa wamekwisha kuikata, ikarudi vipande vipande. Nilifurahi, sikufichi. Wali tuliula wenyewe hadi tukajilaza.

Najua utasema nasi tulikuja na bunduki. Ni kweli, na yako mambo ya watu wetu huku ambayo siwezi kuyaandika bila haya. Lakini baba alitoa damu yake mbele ya watu, na kila alipokosa, Mzee alijua mlango wa kubisha. Huyo mfalme akikosa, tubishe wapi?

Kabla ya kuondoka, ofisa alitangaza kwamba njia ya Ujiji hadi pwani imefungwa, asipite mtu wala mzigo bila idhini yake. Majirani wawili wameshaogopa, wanashusha pembe zao mtoni. Mimi sishushi hata jino la panya. Njia ile ndiyo iliyomleta baba, ndiyo uliyoondokea wewe, na Mama hukaa akiielekea kila alasiri akikungoja. Nikikubali ifungwe, nitamgeuzia kiti chake upande gani?

Nisalimie shangazi Mwana Hawa, na wifi Zawadi umwambie mbegu za bamia alizoniletea zimeota zote. Mzee Kalonda anakusalimu, anauliza kama bado unaogopa kuku. Mama anakuombea Mungu akuepushe na homa na watu wenye karatasi.

Barua hii ataibeba Masudi, yule mpagazi wetu wa zamani, pamoja na pembe moja aliyoiacha mume wangu. Ataondoka mchana kweupe, kwa njia ileile, na mimi nitamsindikiza nikiimba. Ukiwa unaisoma, basi njia haijafungwa. Ipite uje.

Wako akupendaye,
dada yako Hadidja binti Waziri