Nilimchora Mdogo Wako, Ukatoka Wewe

Pazi, mtani wangu,

Mzaramo mvivu wewe, umelala tu huko wakati wenzio tunahangaika. Nakuandikia mwenyewe, kwa mkono huu huu wa darasa la nne, maana nikimpa mtu aniandikie ataona haya kuandika ninayotaka kusema. Ndiyo ubaya wa kufa kwako. Jambo likinipata, wa kwanza ninayetaka kumsimulia ni wewe, halafu ndiyo nakumbuka.

Nikupe mabaya kwanza. Mdogo wako Shomari hasemi na mie tangu tulipokuzika. Mie Mnyamwezi, nyie Wazaramo, na kazi ya mtani msibani ni kuwachekesha waliofiwa. Nikafanya kazi yangu. Walipotaka kutoa jeneza nikawaziba mlango, kofia yako kichwani, fimbo yako mkononi, nikaita kwa sauti yako: "Nyie, chai ya mwenye nyumba iko wapi?" Wanawake wakacheka huku machozi yanawatoka, hata mkeo. Shomari akatokea mbio, akaninyakua kofia mbele za watu. "Toka, mzee huna haya." Pazi, sie watatu tumekaa baraza moja hapa Tandika tangu tuna meno yote, na hajawahi kuniambia neno kama lile. Makaburini nilisimama nyuma kabisa, kama mpita njia.

Halafu akaleta ujumbe kwamba kwenye arobaini yako nisionekane. Arobaini, Pazi. Mtani asiyekaa kwenye arobaini ya mtani wake, huyo ni mtani au jirani tu? 

Sasa msikie binti yako Zuhura. Unakumbuka ulipokuwa unaumwa alisema ukipata nafuu atakupeleka kwenye lile darasa la kuchora, ambako watu wanakwenda kujistarehesha tu, wanapaka rangi huku wanakunywa? Ukamwuliza kama wanatoa na ubwabwa. Kumbe alishalipia, wewe na mie. Nafasi yako akampa baba yake mdogo. Mie akanidanganya nakwenda na mumewe. Shomari naye akadanganywa hivyo hivyo. Ana akili yule mtoto, sijui kaitoa wapi, kwako si rahisi.

Tukakutana mlangoni pa bustani moja kule Kinondoni, kila mmoja na shati lake la Idi. Akanitazama mie, akatazama barabarani. Bajaji iliyomleta ilishaondoka.

Mwalimu ni binti, anaitwa Neema. "Shikamooni, babu zangu," akasema, akatufunga aproni kama wauza samaki, akatukalisha meza moja, uso kwa uso. Vijana wa meza nyingine walikuwa na mvinyo wao, sie tukaletewa juisi ya ukwaju. Kila mtu akapewa kitambaa cheupe kilichowambwa kwenye fremu, brashi, na rangi ndani ya sahani.

"Leo kila mtu anamchora mwenzake," akasema Neema. "Mtazamane vizuri. Na hakuna kuoneshana mpaka niseme geuzeni."

Shomari akanyoosha mkono kama mtoto wa shule. "Mwalimu, mie siwezi kuchora mnazi?"

"Hapana babu, leo ni sura."

Umewahi kumtazama mtu ambaye hataki hata kuiona njia unayopitia? Inakubidi umtazame tu, pua, nyusi, tena uso kwa uso. Nikajaribu kupunguza joto. Nikamwuliza, nikugeuzie upande gani, au zote nzuri? Akachovya brashi. Nikamwambia achore pole pole, uzuri huu haumaliziki leo.

"Tulia," akasema.

Neno moja, lakini ndilo la kwanza tangu msiba. Nikalimeza pamoja na juisi.

Nikaanza na masikio, maana masikio ya ukoo wenu hata kipofu hayakosi. Nikaja kwenye paji. Kisha kofia, kwa kuwa alikuwa ameivaa. Hapo ndipo mkono uliponisaliti. Shomari huvaa kofia wima, kama sufuria jikoni. Mkono wangu ukailaza. Sikuutuma, Pazi. Ukailaza upande mmoja, vile ulivyokuwaga unailaza wewe kama mtu anayekwenda kuposa. Nikatazama vizuri. Aliyekuwa ananiangalia pale si Shomari. Ulikuwa wewe, na kile kicheko chako cha upande.

Nikafuta shavu kwa aproni, rangi ikatanuka, ukanenepa kama ulivyokuwa kwenye harusi ya Zuhura. Nikashusha nyusi, nikapata ile sura yako ya kukosa kete kwenye bao. Kila nikikuondoa unazidi kuja.  Nikajua Shomari akiona hii atasema nimemkejeli marehemu mara ya pili, na safari hii hata Zuhura hataniokoa. Nikafikiria kuimwagia juisi. Nikafikiria kuuliza choo kiko wapi nitokomee Temeke.

"Geuzeni," akasema Neema.

Meza zote zikalipuka kwa vicheko. Kwetu hakuna aliyegusa chake. Neema akaja akatugeuzia mwenyewe, zote mbili.

Yake ilikuwa mie. Kichwa kama fenesi, ndevu kazichora unywele mmoja mmoja. Chini ya pua hakuna kitu.

"Mdomo wangu uko wapi?" nikamwuliza.

"Ule si wa kuchorwa. Ni wa kushonwa."

Alitaka kuendelea, nilimwona amevuta pumzi kabisa. Kisha macho yake yakaangukia picha yangu, pumzi ikabaki huko huko.

Nikangoja aitupe. Hakuitupa. Akanyoosha kidole akagusa sikio, rangi mbichi ikamganda kidoleni. Alisema bila kuniangalia mie. Macho yalikuwa kwenye picha.

"Siku ile ulipoita chai, nilikuwa uani. Maganga, nilimsikia kaka mwenyewe. Nikasema kumbe wamekosea, kaka yuko hai. Nimekuja mbio na furaha yangu yote. Nafika mlangoni, nakuta ni wewe."

Pazi, nikaona haya. Mie. Ungekuwepo ungeita watu waje washuhudie.

Kumbe Shomari alifiwa mara mbili siku moja, na mara ya pili mie ndiye niliyempelekea habari.

Akajifuta uso kwa aproni, ile ile yenye rangi, pua yote ikawa kijani. Na mie, unanijua, hata penye moto siwezi kunyamaza. "Shomari," nikasema, "sasa ndiyo umekuwa picha nzuri kuliko zote humu."

Nikajuta neno likiwa bado liko hewani. Akainama. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa analia, lakini kicheko nacho kimo humo humo, vinagombea mlango mmoja. Neema akasogea na maji, nikamfanyia ishara atuache.

"Mnyamwezi mpagazi wewe," akasema Shomari alipopata sauti. "Jumamosi uje kwenye arobaini. Na uje mapema ukune nazi, mtani hali bure."

Picha yako kaichukua yeye. Aliibeba mapajani njia nzima, hakutaka niishike.

Basi ndugu yangu, nakuacha upumzike. Nakuahidi mambo mawili. Sauti yako sitaiiga tena Shomari akiwa karibu, mpaka siku atakayoniomba mwenyewe, na naona ataniomba. La pili, kumchokoza yeye sitaacha. Umemwacha hana kaka wa kumuudhi, na kwa kuudhi unajua nina kipaji. Nitaanza naye asubuhi akitoka msikitini na nitamaliza naye jioni, mpaka ashike fimbo anifukuze mtaa mzima. Hapo nitajua amepona.

Lala, Mzaramo. Mdogo wako yuko mikononi mwangu, maskini.

Mtani wako,
Maganga