Pori Ulilolilaza, Mama

Mpendwa Mama,

Ni mimi, dereva wako wa trekta, niliyefika Mombasa na kurudi na viatu vya ngozi. Huko uliko najua unaguna, "Ameanza." Basi niache nianze.

Unakumbuka nilipotoka kung'oa misitu ya Nachingwea ili Wazungu wapande karanga, nikakuletea mche wa myombo? Niliuosha mizizi mpaka ikang'aa, nikaupanda mbele ya nyumba. Ukashika kiuno. "Umeuogesha mti? Haya, upake na mafuta!"

Mti ukadumaa, majani yakawa manjano. Baadaye bwana wa kupima udongo, niliyekuwa nikimbebea mifuko, akanieleza: ule utando mweupe niliousugua ulikuwa uyoga, ndugu wa huu tunaouchuma masika chini ya miyombo. Nyuzi zake hupenya kwenye majani yaliyooza, zikatafuta chakula kiitwacho naitrojeni na kuupa mti. Mti nao huulipa uyoga kwa sukari. Hewani naitrojeni imejaa tele, lakini myombo hauwezi kuila, kama wewe na harufu ya pilau ya jirani.

Ulicheka ukajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kumbe na miti huombana chumvi!"

Huombana, na hunyang'anyana pia, Mama. Mvua ya kwanza ikigusa udongo chakula hufunguka, na mizizi ya nyasi iko pale pale juu, inadaka. Ndiyo maana miyombo huchipua kabla ya mvua, iwe tayari mezani.

Sasa niko pabaya. Mtama wa Zainabu hapa Likunja umekuwa manjano, udongo umechoka. Jana alikuja na shoka begani.

"Kaka, nakata pori la Mama. Watoto wangu hawawezi kula kivuli."

Kweli hawawezi. Lakini pori lile, shamba ulilolilaza lipumzike kabla hujatuacha, bado ni changa. Nyasi ndizo zinazoshinda, miyombo inanifika kiunoni tu. Tukilichoma leo, majivu yatatupa mavuno mawili matatu, kisha hatuna pa kurudi.

Nikampa shamba langu la bondeni, lile ninalojisifia kwa kila mpita njia. Mwaka jana nilipanda karanga. Mizizi yake ina vinundu vinavyonasa naitrojeni ya hewani, nami mashina yote niliyafukia humo humo. Mtama utakubali.

"Na wewe utalima wapi?"

"Mtu wa magari hulima barabara, mdogo wangu."

Hakucheka. Aliketi chini, akaweka shoka mapajani, akalia kimya kimya. Nami, mwanamume wa Mombasa, nikajifanya naangalia mawingu.

Nimechukua lile lake lililochoka. Nitatia kunde, nazo zina vinundu kama karanga, na nitakaza mkanda. Usinihofie, nimezoea kula kwa majirani.

Pumzika salama, Mama. Pori lako halijaguswa.

Mwanao,
kaka yake Zainabu