Watani Darasani Quitunda

Dada yangu Somoe,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa mzima, magoti tu yananung'unika nikiinuka. Wewe na shemeji mmeamkaje huko Lindi? Kikohozi chako kimepungua? Na ile mihogo tuliyopanda pamoja nilipokuja, mmeshaichimba au bado mnaionea huruma?

Hapa Quitunda, huku Msumbiji, nyumba naiona kubwa tangu mume wangu Amade anitoke. Asubuhi bado nafunika kikombe cha chai kwa kisosi, kama alivyopenda, halafu nakumbuka kuwa nakunywa peke yangu. Lakini leo sikuandikii ya kulia. Nimecheka, dada, nataka na wewe ucheke.

Mkuu wetu wa shule, senhor director tunavyomwita, ametokea kusini, Inhambane. Aliniomba kila Jumamosi niwasimulie watoto habari zetu sisi watu weusi: waliouzwa utumwani, waliolimishwa pamba kwa nguvu, na makabila yetu yalivyo mbalimbali. Darasani wamo Wamwani, Wamakua na Wamakonde, wengine wamekimbia vita. Siku moja Bibi Luiza, Mmakonde, akamleta mjukuu wake Filomena. Watoto walipoziona chale za bibi usoni na tundu la ndonya, lile pambo la kizamani, kwenye mdomo wake wa juu, wakaangua kicheko. Filomena hakurudi. Alimwambia bibi yake asimsindikize tena popote.

Iliniuma. Ni bibi huyu huyu aliyevaa kofia ya Amade msibani, akachechemea kama yeye mpaka nikacheka katikati ya machozi. Si unajua, sisi Wamakua na Wamakonde ni watani. Nikamfuata kwake, nikamwomba aje anitanie mbele ya watoto. Akaniuliza kama moyo wangu utayahimili matusi yake.

Jumamosi akaja, Filomena nyuma yake, kajifunika kanga hadi puani. Sijampa hata kiti, bibi akaanza.

"Nyie Wamakua hata chale mliiga kwetu, mkachanja vibaya."

"Na nyie mlikwea mlima usio na maji, mkasahau kuoga."

Watoto wakatazamana. Senhor director alisikia, akatoka ofisini mbio, akasimama kati yetu. Kwa Kiswahili chake cha kuokoteza akatusihi akina mama tusipigane mbele ya watoto. Mimi nimejishika mbavu kwa kicheko.

Filomena ndiye aliyeshusha kanga.

"Senhor director, waache. Hao ni watani. Siku wasipotukanana ndiyo uje mbio."

Darasa zima likacheka, na senhor director mwenyewe akacheka. Bibi Luiza akangoja watulie, akawageukia watoto.

"Tulipanda mlimani kwa sababu huku chini watu walikuwa wakikamatwa na kuuzwa. Kiu ilikuwa nafuu kuliko mnyororo. Na chale hizi, mtu akipotea, zilisema ni wa wapi."

Mvulana aliyecheka zaidi siku ile akaomba aziguse. Bibi akainamisha uso. Kisha akamuuliza senhor director kwao wapi. Aliposikia Inhambane, akafikiri kidogo, akasema na watu wa huko hatuna utani, basi tuanze leo. Akamvua miwani, akaivaa yeye, na hakuirudisha mpaka somo lilipokwisha.

Siku hizi Filomena anamshika bibi yake mkono njia nzima, anapita naye katikati ya wenzake. Jana asubuhi walinipitia nyumbani. Mtoto akakiona kikombe changu mezani.

"Mwalimu, nyie Wamakua chai inawatoroka mpaka muifunike?"

Nilicheka hadi kisosi kikaniponyoka. Nikawamiminia na wao. Tulikunywa watatu, dada, na nyumba haikuwa kubwa.

Nisalimie shemeji kwenye cherehani yake, mjomba mwadhini, na shangazi anayejifanya hasikii. Na yule jirani yako Mmakonde muuza maandazi, mwambie nimepata mtani anayemshinda, tena hajaota hata magego yote.

Ni mimi mdogo wako ninayekuwaza,
Esha