Filimbi Niliyoivaa Shingoni

Rongai, Jumanne jioni, 1954

Na huyo askari wa getini kwa mzungu hata hakuona haya kuniambia.

Tangu hali ya hatari itangazwe, mzungu ametupa sisi wafanyakazi wake filimbi, moja kila nyumba. Mkivamiwa na watu wa msituni, alisema, pigeni, mtasaidiwa. Yangu nimeivaa shingoni hata kanisani. Jumapili tuliimba kwamba Mungu ndiye kimbilio letu, nami nikaimba nikiwa nimeishika.

Leo niliivua ili nioge. Wambui wangu, mtoto wa miaka minne, akaichukua akaipiga kwa nguvu zake zote, tena na tena. Nilitoka mbio na leso imelowa, nikasimama mlangoni kungoja watu waje, niwaombe msamaha.

Hakuja mtu.

Nikapanda mpaka nyumba ya mzungu kuuliza. Askari akanijibu kutoka ndani ya ua wa waya. "Nilisikia, Mama Wambui. Nikafunga geti. Ndivyo nilivyoagizwa, filimbi ikilia huko kwenu, huku tufunge."

Kumbe ndiyo kazi ya filimbi. Miezi yote hii nimekuwa nikipata usingizi kwa sababu ya kitu cha kumlinda mtu mwingine.

Baba Wambui ana zamu ya usiku kwenye zizi la ng'ombe, kwa hiyo tuko wawili tu. Filimbi nimeitundika kwenye msumari. Nimemwambia Mungu kwamba sasa nimebaki na yeye peke yake. Nisijidanganye, amani sijaipata. Kila mbwa akibweka mkono wangu unapanda shingoni, haukuti kitu, nami naanza kuomba upya.