Namwambia Mtabibu Wangu Nimepona, na Sijapona

Bi Saleha, shikamoo. Barua hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, leo naituma kabla sijabadili nia. Jina langu nisitirie.

Mimi ni mwanamke wa Usagara, naishi na mama mdogo, na kwa miaka nina maradhi ya kujiumiza, huzuni au hasira ikinipanda sioni pa kuishushia ila mwilini mwangu, na buibui linanisitiri kwa hiyo hajui mtu isipokuwa dada Wijdan, mtabibu wa maongezi ninayekwenda kwake kila Alhamisi. Yeye hakunishangaa. Alinifundisha kuivumilia hisia mpaka ipite, na tukaahidiana kwamba yakinizidi nimpigie simu kabla sijajiumiza na siyo baada, naye kwa upande wake akasema, "Mimi nami ni mtu, nikichoka nitakwambia mwenyewe, wewe usinikisie." Ile simu ndiyo iliyonishikilia, Bi Saleha, nilikaa muda mrefu sijajigusa.

Sasa mwaka huu akafiwa na mama yake, wakazika Moa, nami nikaenda kama anavyokwenda mtu yeyote, nikakaa jamvini, nikaosha vyombo pamoja na wenyeji, na Wijdan aliponiona akaniangukia begani akalia mpaka mtandio wangu ukalowa. Tangu siku ile sikuweza tena kumwambia yangu. Alirudi kazini amekonda, akaniuliza u hali gani, nikajibu alhamdulillah, nikaona haya kumtwisha yangu mtu mwenye msiba, na wiki iliyofuata nikajibu vilevile, na huku nyumbani nimerudia kujiumiza na simu sipigi. Kibaya zaidi ameniamini. Juzi machozi yakamlengalenga akasema, "Wewe ndiye uliyenipa nguvu ya kurudi kazini," kisha akasema Alhamisi hii tuagane kwa kuwa nimepona. Nikimwambia kweli namvunja, nikinyamaza nabaki peke yangu, na siku nyingine naona bora nisiwepo kabisa. Nifanyeje?

Aliyejificha, Usagara

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo neno la mwisho, ulilolitaja kama la kupita njia. Mtu anayeona bora asiwepo hangoji gazeti. Ukimaliza kusoma hapa, mwambie mama mdogo wako leo leo, kwa maneno hayo hayo, akae karibu nawe. Yakikuzidi, muende hospitali pamoja, saa yoyote ile.

Nimekuhurumia, wallahi, na pia umenikasirisha. Kwenda Moa ulifanya vyema. Lakini adabu ya msibani umeibeba ukaingia nayo kwenye chumba cha matibabu. Kule ulikwenda kumliwaza mfiwa, huku unakwenda kutibiwa. Umejigeuza wewe ndiye mtabibu, basi mgonjwa amebaki hana wa kumtazama.

Halafu mwenzio alikwambia usimkisie. Wewe umemkisia tangu matanga mpaka leo! Umeamua kachoka, hawezi, atavunjika, na kumuuliza hujamuuliza. Unaiita huruma, mimi naiita kumfungia mtu mzima mlango halafu kusema hakutaka kuingia. Na hizo nguvu unazoogopa kumpokonya zimesimama juu ya uongo. Kaburi la mama yake bado bichi. Unadhani kuna ukweli wowote utakaomuuma kuliko kuja kukalia jamvi lako? Nasema kwa ukali kwa sababu nakutaka uishi.

Siwezi kukuahidi kwamba hataumia. Huenda akalia. Huenda akasema kweli amechoka, akakutafutia mtabibu mwenzake wa kukushika kwa muda, nawe utachukia na utakwenda hivyo hivyo. Lakini hayo ni yake kuyasema. Lako wewe ni moja tu, nalo umelikalia muda wote huu.

Alhamisi ni mbali. Mpigie leo, mama mdogo akiwa ubavuni. Usianze kwa pole, usimuulize habari za ndugu zake. Mwambie, "Dada Wijdan, nilikudanganya. Sijapona, usiniage." Naye atakuuliza u hali gani, maana ndivyo tulivyo watu wa huku. Jibu alhamdulillah, mwanangu, kisha usinyamaze, endelea kusema.