Kwa Sila Chidawali, Aliyemwanza Mdogo Wake

Mwaka umezunguka, Sila mpendwa wetu, tangu tukulaze kijijini, upande wa Bahi, ukaiacha Mahakama Kuu hapa Dodoma itafute mtu mwingine wa kugombana na Serikali. Mvua zimekuja na zimekwenda. Mkeo Debora bado anasonga ugali wa watu wawili.

Tunakumbuka ulivyosoma hukumu kwa Kiingereza kama kazi ilivyotaka, kisha ukavua miwani na kuirudia yote kwa Kiswahili, ili aliyeshindwa ajue kimemshinda nini. Tunakumbuka matenga ya zabibu uliyowarudishia wenye kesi, wanao Ruthu na Geofrey wakiyasindikiza kwa macho. Ulikuwa mkaidi, lakini mkaidi mpole.

Kesi iliyokupa jina ilikuwa ya mashamba. Mfumo wa vyama vingi ulikuwa umeanza, ardhi imeanza kuwa na bei, na waliohamishwa enzi za vijiji vya Ujamaa wakataka mashamba yao ya zamani. Sheria ikawajibu kwamba hawaruhusiwi hata kufungua kesi. Wewe ukasema sheria hiyo inagongana na Katiba, ukaitengua. "Bunge lina kazi ya kutunga sheria," uliwaambia, "lakini halina ruhusa ya kumfungia mtu mlango wa mahakama." Wakubwa walinuna. Walisema jaji kajipa ubunge bila kupigiwa kura. Mahakama ya Rufani ikakukemea kwa ukali wa maneno yako, lakini mlango ukabaki wazi. Ulisema kukemewa nako ni sehemu ya kazi, ukaenda kula.

Wa kwanza kuupita mlango huo kijijini kwetu alikuwa Bi Joha, na shamba alilodai lilikuwa likilimwa na mdogo wako Msafiri. Ulipohukumu hukuwa na habari kwamba hukumu itamfikia yeye. Walioshtaki walikuwa watu wa kijiji kingine kabisa. Msafiri akaja Dodoma, akakaa hapa sebuleni, kofia magotini.

"Kaka, uliyosema yote ni kweli. Ila usiliguse shamba langu."

"Msafiri, Katiba haina mdogo wa mtu."

"Basi na mimi sina kaka."

Aliondoka chai ikiwa mezani. Kesi ya Joha ilisikilizwa na hakimu mwingine, Msafiri akashindwa. Kijiji kizima kilijua, na yeye alijua, kwamba wazazi wa Joha walipakiwa kwenye lori ndipo yeye akagawiwa shamba lao. Hata hivyo alizunguka vilabu vya pombe akisema umeuza urithi wa baba yenu. Joha akamwachia upande wa mbugani alime, watoto wasilale njaa. Akalima, akavuna, akala, na maneno hakuacha.

Kwetu mdogo ndiye anayeanza: anatoa shikamoo, mkubwa anaitikia. Msafiri alikunyima. Basi wewe, jaji mzima mwenye mvi, kila ukifika kijijini ukawa unamwanza: "Msafiri, mmeamkaje huko?" Yeye anageuka kutazama ng'ombe. Tuliona haya kwa niaba yake.

Siku ya mazishi, mtani wetu Shaaban, yule Mnyamwezi muuza mtama wa Majengo, aliruka kaburini akajilaza. Watu wakacheka, maana ndiyo kazi ya mtani, wakadhani anataka apewe chochote atoke. Akakataa kila kitu.

"Wagogo ninyi, huyu kaamua kesi za watu wote, yake hakuna aliyeiamua. Simpishi. Msafiri amsalimie kaka yake kwanza."

Msafiri alikuwa ameshika jembe. Kinywa kilifunguka, sauti haikutoka. Kicheko kikaisha kidogo kidogo. Shaaban akapanda mwenyewe, akajipangusa vumbi, akaenda kusimama nyuma ya wanawake. Tangu siku hiyo Msafiri hakai na watu barazani, na watoto wakimwamkia huitikia akitazama chini.

Wiki iliyopita alitukuta tukiandika tangazo hili la gazetini, akasimama mlangoni.

"Jina langu msiliweke," alimwambia Debora. "Nilimtukana kaka kwa shamba ambalo nilijua si langu. Watu wakisoma kwamba namkumbuka watanicheka, na watakuwa na haki."

"Shemeji, kaa. Nyumba hii mtu hahukumiwi akiwa mlangoni."

Alikaa. Alilia sana, Sila, tusikufiche, mpaka Geofrey akatoka nje. Ruthu akataka kumsaidia: tuiandike hapa salamu yake, shikamoo kaka, kwa herufi kubwa, kila mtu aione. Msafiri akatikisa kichwa.

"Alikuwa ananianza yeye, na mimi nina mdomo. Leo nimsalimie kwa gazeti?"

Alikubali jina tu, tena likae mwisho kabisa, baada ya la Joha.

Maadamu tunavuta pumzi tutakukumbuka sisi: mkeo Debora, wanao Ruthu na Geofrey, mtani wako Shaaban, Bi Joha, na nyuma yake, kama alivyoomba, mdogo wako Msafiri, ambaye hakuitikia.